Waliompima Marehemu Faki

Ipo nchi iitwayo Tambuzi. Njia yake msiulize, maana waliofika hawakufuata njia, na waliofuata njia bado wanatembea. Huko mtu haruhusiwi kujua jambo mpaka kwanza aeleze amelijuaje. Ukisema mvua inanyesha, unaulizwa imeingia akilini mwako kwa mlango upi, wa jicho, wa sikio au wa ngozi. Na ukiloa kabla hujajibu, kuloa kwako hakuhesabiki.

Bi Siwatu binti Makame alikwenda huko kwa ajili ya barua ya mistari miwili. Alikuwa msukaji mikeka wa kijiji cha Kidundo, mjane wa mwaka wa kumi na sita, na shule aliiacha darasa la nne. Barua ilitoka kwa Raya, mwanawe wa pekee, aliyekuwa Tambuzi akisoma Kozi ya Kwanza ya Akili. Ilisema: "Mama, njoo. Jumatano wanampima baba."

Baba yake Raya, marehemu Faki, alikuwa kaburini tangu mtoto ana miaka sita. Bi Siwatu aliisoma barua mara tatu, herufi kwa herufi, akaona kwamba hakukosea kusoma. Akafunga kanga mbili, msala na tasbihi, akaenda kuona hao wanaowapima wafu wa watu.

Mpakani alipokewa na bwana mmoja aliyening'iniza saa shingoni kama kengele ya mbuzi. Cheo chake kilikuwa Mshika Saa.

"Shikamoo, bibi," akasema, papo hapo akabonyeza saa.

Bi Siwatu hakuwa mtu wa kuitikia salamu kama anayefukuzwa na mbwa. Alitua mzigo, akajifunga kanga vizuri, akamtazama usoni. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Saa ikabonyezwa tena. Bwana akaguna. "Sekunde tisa na nusu. Bibi, unaumwa?"

"Siumwi."

"Ulikuwa ukifikiri nini muda wote huo?"

"Nilikuwa natua mzigo."

"Kwenye fomu hapana nafasi ya mzigo," akasema, akaandika: *Mzito*.

Kisha akaonyeshwa ubao wenye maneno. NYEKUNDU limeandikwa kwa wino wa kijani, MANJANO kwa zambarau, BULUU kwa nyekundu, mstari hadi mstari. Akaambiwa ataje rangi, asitaje neno. Hapo ndipo wasomi wote hukwama, maana jicho linaona rangi na ulimi unasoma neno, mtu akabaki anababaika kama aliyemeza viazi vya moto. Bi Siwatu, ambaye neno kwake ni kazi ya kuvuta herufi mojamoja kutoka kisimani, hakujisumbua na maneno. Alikuwa ametia rangi ukindu wa mikeka maisha yake yote.

"Kijani. Zambarau, imechuja. Nyekundu, hii mmeizidisha maji, haidumu."

Alimaliza kabla ya saa kuanza kuhesabu. Mshika Saa akaita mkubwa wake, mkubwa akaita mkubwa wake, kikakaliwa kikao pale pale jua kali. Uamuzi ukatoka kwamba binadamu wote hubabaika mbele ya ubao ule, basi asiyebabaika ama aliiba majibu ama si binadamu. Wakamwandikia *Wa kuchunguzwa*, wakamruhusu apite.

Raya alikuwa akimngoja ng'ambo ya lango. Alikuwa amekonda, na kifuani amebandika karatasi yenye picha ya akili. Kila mtu wa Tambuzi huvaa picha hiyo: sanduku dogo, mshale, sanduku kubwa. Jambo huingia sanduku dogo; likikaririwa hufuata mshale, likaenda kukaa sanduku kubwa; lisipokaririwa hudondoka.

"Na moyo uko wapi hapa?" akauliza Bi Siwatu, akiigusa ile karatasi.

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nauliza mshale wake."

Wakatembea mjini. Raya akamweleza sheria, na kila aliyoelezwa Bi Siwatu aliiona kwa macho yake, maana watu wale hawafichi upumbavu wao, wanautundika ukutani na kuuwekea fremu. Iko Sheria ya Saba. Wataalamu waligundua zamani kwamba sanduku dogo hubeba vitu saba, kikizidi kimoja kinamwagika. Ugunduzi huo ungebaki kwenye kitabu ungekuwa na adabu, lakini Tambuzi ukageuzwa sheria. Sokoni huwezi kununua kitu cha nane. Muuza mchicha mmoja alikuwa na watoto tisa. Walioandikishwa ni saba.

"Na hawa wawili?" Bi Siwatu akamuuliza.

"Hawa wamemwagika, dada yangu," akasema yule mama, huku akiwagawia muhogo wote tisa sawasawa. "Serikali haiwaoni. Mimi nawaona kila wanapolilia chakula."

Kwenye uwanja mkubwa walikuta vyama viwili vikibishana. Chama cha Chini-Kwenda-Juu kilisema mtu huona kwanza pembe, ndevu na kwato, ndipo akajua ni mbuzi. Chama cha Juu-Kwenda-Chini kilisema mtu hujua kwanza kuwa ni mbuzi, ndipo akaona pembe. Walikuwa na mbuzi wa ushahidi, amefungwa katikati. Mjadala ulikuwa mwaka wa thelathini na moja, na yule mbuzi, ambaye hakuwa wa kwanza, alikuwa amemaliza kula kumbukumbu za vikao viwili na sasa anakula kilemba cha mwenyekiti.

"Anakula kilemba," Bi Siwatu akasema.

"Nani?" wakauliza vyama vyote viwili kwa pamoja.

Adhuhuri ilipoingia alitandika msala wake kando ya ukuta, akasali. Alipokuwa amesimama, kijana mmoja wa Idara ya Umakini akapita mbele yake mara mbili, amevaa ungo kichwani na kinu begani, akirukaruka. Bi Siwatu akasali mpaka akatoa salamu. Yule kijana akaja mbio na daftari.

"Hukuniona! Umakini ulikuwa kwingine. Asilimia hamsini hawanioni."

"Nilikuona," akasema Bi Siwatu, akikunja msala. "Nilikuwa nazungumza na aliye mkubwa kuliko wewe."

Kijana alitafuta pa kuandika hilo, hakupapata.

Jioni hiyo Raya akamweleza kwa nini alimwita. Hakuna anayemaliza Kozi ya Kwanza mpaka apite Siku ya Kukana. Mwanafunzi huleta kumbukumbu moja, ile aipendayo kuliko zote, akaiweka mbele ya Baraza. Ikishinda, ni yake. Ikishindwa, hufutwa: anatia saini Daftari la Kukana, na tangu siku hiyo ni marufuku kuisimulia, kwa mume, kwa watoto, hata akiwa peke yake kwa sauti.

"Wangapi wameshinda?"

"Hajawahi mtu. Wanahitaji mashahidi wawili, mama. Mkisimulia tofauti, wanasema hamkumbuki. Mkisimulia sawa, wanasema mmeambukizana."

Bi Siwatu akamgeukia. "Na wewe kwa nini ukawapa ya baba yako? Ungewapa ndogo tu, hata ya kula mkate."

"Walisema ile ninayoipenda kuliko zote. Ningedanganya?"

Mama yake ndiye aliyemlea hivyo. Akauliza tena: "Na ukikataa kwenda?"

"Anayekataa huhesabiwa amekana. Daftari wanamtilia saini wao."

Jumatano ukumbi ulijaa. Baraza lilikuwa na maprofesa tisa. Saba walikaa wametazama watu, na wawili, kwa mujibu wa sheria, walikaa wamegeukia ukuta. Katikati yao alikaa Profesa Kadiria, mwalimu wa somo la Kumbukumbu, mtu mwembamba wa mwili na mnene wa maneno.

"Aletwe Rahma," akasema.

"Raya," akasema Raya.

"Ndiyo, Rukia. Simama hapo." Alikuwa amemfundisha miezi minne. "Kabla hatujaanza, wageni wajue wamesimama mbele ya nani. Baraza hili limeipima akili ya binadamu yote, tangu kuzaliwa hadi uzee."

"Binadamu yupi, baba?" akauliza Bi Siwatu kutoka kiti cha shahidi.

"Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mama. Mia moja na ishirini. Kila mmoja alipewa soda."

"Wajane je, mliwapima?"

"Haikuhitajika. Wajane ni binadamu, na binadamu tumekwisha kuwapima."

Watu wakapiga makofi. Bi Siwatu akatazama wale wanafunzi waliopanga mstari, kila mmoja na kumbukumbu yake mkononi kama mtu anayepeleka kuku wake machinjoni, akaona uchungu. Wengine walikuwa wameandika kabisa barua ya kukana, wasije wakasumbua wakubwa.

"Shahidi aseme," akaamuru Kadiria.

Bi Siwatu akasimama. "Bismillahi. Mume wangu alikuwa kitandani, ameelekezwa kibla. Mimi nimekaa miguuni pake. Mtoto amesimama hapa. Baba yake akainua mkono wa kulia, akamwekea mtoto kichwani, akasema: 'Raya asome mpaka achoke mwenyewe.' Akatoa shahada, akafa. Shemeji zangu walipotaka kumwoza huyu akiwa na miaka kumi na minne, niliwaambia maneno hayo. Niliwaapia kwamba nilikuwapo na nilisikia kwa masikio haya. Ndipo wakamwacha asome."

"Na mwanafunzi?"

Raya akasema polepole: "Maneno ni hayohayo. Ila baba hakuwa kitandani. Alikuwa chini, kwenye mkeka, kitanda kilimzidishia joto. Alikuwa na kitambaa kibichi kifuani."

Ukumbi ukavuma. Kadiria akatabasamu kama mtu aliyeona ndege anaingia mtegoni kwa miguu yake. "Wametofautiana. Mmoja kitanda, mwingine mkeka."

"Na tungelingana?" akauliza Bi Siwatu.

"Mngekuwa mmeambukizana."

"Sasa mlango wa kutokea uko wapi, baba?"

"Sayansi haijengi milango, mama. Inajenga masanduku." Watu wakaandika. Kadiria akafungua faili. "Naona shahidi ni mjuzi wa rangi, alifaulu ubao wetu kwa namna ya kutia shaka. Basi swali moja, tumalize. Shuka aliyojifunika marehemu ilikuwa ya rangi gani?"

Bi Siwatu akafungua kinywa ajibu.

Rangi haikuja. Akafumba macho, akaingia chumbani mle kama alivyoingia mara elfu. Kitanda kilikuwapo. Mkono uliinuka. Maneno yalisemwa. Lakini shuka haikuwa na rangi. Ukuta haukuwa na rangi, wala kanga aliyovaa yeye mwenyewe. Yeye ambaye anakumbuka rangi ya utepe wa bibi harusi aliyeolewa mwaka mmoja wa mafuriko, chumba alichofia mumewe kilikuwa kama picha ya penseli.

Kisha rangi ikaja, na haikutoka chumbani. Ilitoka uani. Chungu kikubwa juu ya mafiga, maji yanachemka zambarau, ukindu unageuka taratibu. Mikono yake ilikuwa zambarau mpaka viwikoni. Aliona alama za vidole, tatu, juu ya shavu la Faki, mahali alipomshika kumfumba macho. Muosha maiti alizisugua kwa limau hazikutoka. Alizikwa nazo.

Mwanamke aliyekaa miguuni pa mgonjwa hawezi kuwa na mikono iliyolowa rangi.

"Mama," Raya akanong'ona, maana alimwona anavyobadilika. "Sema nyeupe. Mashuka yote huwa meupe. Sema tu."

Lilikuwa neno moja. Ukumbi mzima ungelipokea. Bi Siwatu alilifikia ulimini, akakumbuka amekwisha kuanza kwa bismillahi, na Mwenyezi Mungu akishatajwa mwanzoni haondoki katikati ya maneno.

"Sikuwapo," akasema.

"Sema tena, mama."

"Sikuwapo chumbani. Nilikuwa uani natia ukindu rangi. Sikumwona akiinua mkono na sikumsikia. Nimesema nilikuwapo mpaka nikajiona nipo, nikawaapia watu. Mwenyezi Mungu anisamehe, maana nimemtaja katika jambo ambalo sikuliona."

Ukumbi ukakaribia kuporomoka kwa makofi. Wale maprofesa wawili waliogeukia ukuta wakaupiga ukuta. Kadiria akanyanyua mikono kama aliyefunga goli. "Mmesikia! Mama alibuni, akamkaririsha mtoto. Mtoto amebeba hadithi ya mtu ambaye hakuwapo. Kwa hiyo halikutokea. Karani, andika: imefutwa."

"Subiri kwanza, baba," akasema Bi Siwatu. Hakupaza sauti, lakini karani aliinua kalamu. "Umesema mtoto kayapata kwangu."

"Ndivyo."

"Na mimi ambaye sikuwapo, niliyapata kwa nani?"

Kadiria akalipekua faili.

"Chumbani walikuwa watu wawili," Bi Siwatu akaendelea. "Mmoja alikufa. Mwingine alitoka mbio uani akanishika kanga, akasema: 'Mama, baba kaniwekea mkono kichwani. Kasema Raya asome mpaka achoke mwenyewe. Sasa kalala.' Nikaingia na mikono yangu hii. Alikuwa bado wa moto. Nyinyi mmesomea mambo haya, nielezeni: maji ya mtungi yanaweza kuujaza mto?"

Watu wakatazamana. Profesa mmoja akapendekeza kikao kiahirishwe miaka miwili. Mwingine akasema mtoto wa miaka sita si mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hivyo hakuna takwimu zake. Hapo Raya, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, akakiinua.

"Wiki ya sita, profesa. Ulitusomea mwenyewe. Jambo likisimuliwa papo hapo, kabla halijapoa, na kabla msimuliaji hajasikia la mtu mwingine, hilo ndilo la kuaminiwa kuliko yote."

"Nilisema hivyo?" akauliza Kadiria.

"Ulisema!" ikatoka sauti nyuma. "Ilikuja hata kwenye mtihani, jibu lilikuwa C!"

"Mimi nilijibu C!" akadakia mwingine, na ukumbi wote ukacheka, hata Mshika Saa, aliyesahau kupima kicheko kimechukua muda gani.

Baraza likanong'onezana, kila profesa akamuuliza jirani yake kama ni kweli ilikuwa wiki ya sita. Mwisho Kadiria akasimama na kusoma uamuzi kama vile ndio aliokuja nao kutoka nyumbani. Kwanza: kumbukumbu ya mwanafunzi Raziya haiwezi kufutwa. Pili: kumbukumbu ya shahidi, kwamba alikuwa miguuni pa mumewe saa ya mwisho, imefutwa, naye atie saini. Tatu: ugunduzi kwamba mtu anaweza kujikagua mwenyewe bila saa wala soda ni wa Profesa Kadiria, aliyeushuku kwa muda mrefu.

"Mama, usitie," Raya akasema. "Hujasoma kwao. Hawana amri juu yako."

Bi Siwatu akalivuta Daftari la Kukana. Kurasa zake zilijaa saini za vijana: waliokana bibi zao, siku zao za Idi, sauti za wadogo zao waliokufa. Alizitazama kwa muda, na kama macho yangekuwa na moto lile daftari lingewaka.

"Hawa mliwaonea," akasema. "Mliwaambia kumbukumbu ya mtu inakosea, na hilo ni kweli, nimeliona leo kwangu mimi. Basi mkaona dawa ya paa linalovuja ni kuibomoa nyumba. Mimi sitii saini kwa amri yenu. Natia kwa sababu sikuwapo."

Akaandika jina lake kwa herufi za darasa la nne, kubwa, zenye kuegemeana. Ilimchukua karibu dakika mbili, na hakuna aliyethubutu kubonyeza saa.

Kadiria, ambaye hakuona haya kwa kuwa haya haikuwa na sanduku, akamgeukia Raya kwa ukunjufu. Akamwambia yeye ni wa kwanza kushinda, ameandaliwa nafasi ya Kozi ya Pili, na ya Tatu, na huenda siku moja akakaa kwenye Baraza, kiti cha kutazama ukuta.

"Ahsante, profesa," Raya akasema. "Nimechoka mwenyewe." Akabandua ile karatasi kifuani, akamkabidhi.

Wakatoka. Nje mama mtu alitembea, tasbihi mkononi haisogei. Alikuwa akihesabu watu wa kuwaendea. Shemeji mmoja alikwisha kufa, mwingine yu hai, mzee, masikio mazito. Itabidi aketi karibu na kumpigia kelele kwamba kiapo kile hakikuwa cha haki, na watoto wa jirani wote watasikia. Sawa, wasikie. Na jingine lilikuwa zito kuliko hilo. Miaka kumi na sita, kila alipokosa usingizi, alikuwa akienda kukaa miguuni pa Faki saa ile ya mwisho. Sasa pale hapakuwa na mtu. Faki alikufa akimsikia mkewe akikoroga chungu nje, au hakumsikia.

Walipofika penye kivuli cha ukuta akaketi juu ya mzigo wake.

"Mwanangu, maisha yako yote mimi ndiye niliyekuwa nakusimulia. Hata siku moja sijakuuliza." Akanyoosha kanga magotini. "Haya, nieleze. Mimi sikuwapo."

Raya akaketi karibu naye. Akaanza na kikohozi, na kitambaa alichokuwa akikichovya majini yeye mwenyewe, kwa mikono ya mtoto, kisha akakikamua vibaya maji yakamchuruzika baba shingoni, na baba akacheka. Bi Siwatu hakuwahi kujua kwamba alicheka. Akasikiliza mpaka mwisho, na kila mahali alipozoea kusema "ndiyo, nakumbuka", akanyamaza.